"The Galaxy Being" (1963): fundi wa redio, mgeni kutoka Andromeda, na siri iliyowaponza wote wawili

MzeeWaMasafa

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi atausoma usiku.

Nataka tuijadili episodi moja ya tamthilia ya Kimarekani, The Outer Limits. Ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC Jumatatu tarehe 16 Septemba 1963, na ndiyo iliyofungua tamthilia nzima. Inaitwa "The Galaxy Being". Aliyeiandika na kuiongoza ni Leslie Stevens, mwasisi wa tamthilia yenyewe. Ni nyeusi na nyeupe, na haifiki saa moja.

Stori za viumbe wa sayari nyingine tumezizoea: serikali inajua, serikali inaficha, raia mmoja anafukunyua. Humu serikali haijui chochote. Wanaoficha ni wawili tu. Upande wetu yupo Allan Maxwell, fundi mwenye kistesheni kidogo cha redio. Upande wa pili yupo kiumbe aliyeko galaksi ya Andromeda. Kila mmoja anawaficha watu wake mwenyewe, na kila mmoja anajua kabisa kwamba hakuruhusiwa. Sijaona hadithi nyingine iliyoyaweka mambo hivyo mapema namna hii na kwa unyoofu kiasi hiki.

Allan (anaigizwa na Cliff Robertson, ambaye mwaka huohuo wa 1963 aliigiza sinema kama John F. Kennedy kijana vitani) amejifungia kwenye chumba chake cha majaribio nyuma ya studio. Anachunguza mikwaruzo. Ile kelele ambayo wenzake wanaichuja na kuitupa, yeye anaiingiza kwenye mitambo na kuitazama kwenye skrini. Umeme wa kazi hiyo anauchota kwenye mtambo wa kurushia matangazo, kwa hiyo stesheni inasikika hafifu, wasikilizaji wanapungua na pesa hakuna. Mke wake Carol amechoka. Mdogo wake, ambaye ndiye mtangazaji, analalamika kwamba sauti yake haifiki mbali.

Usiku mmoja mikwaruzo inakusanyika na kuwa uso.

Naandika sehemu ya pili, nakuja.

KijanaWaTegeta

Nimeweka kambi. Shusha vitu mkuu.

BintiKilwa

Kaka endelea. Nilikuwa mtoto nikikaa na babu akizungusha redio ya masafa mafupi usiku, na ile kelele katikati ya stesheni ilikuwa inanitisha kuliko maneno yoyote. Nakuelewa unapoanzia.

MzeeWaMasafa

Tuendelee.

Uso ule unaongea kupitia kompyuta ya kutafsiri, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka. Allan anauliza maswali ambayo yeyote kati yetu angeyauliza. Wewe ni nani? Umeumbwa kwa nini? Kwenu kuna vita? Kuna kifo? Kiumbe anasema mwili wake umejengwa kwa naitrojeni. Anasema mwili una mwisho lakini mawimbi yanaendelea bila kikomo. Halafu analeta lile neno zito: kwao mawasiliano na dunia yamepigwa marufuku, kwa sababu sisi ni hatari. Yeye ameyafanya kwa kuiba, kama Allan anavyoiba umeme wa stesheni.

Sehemu hii ya mazungumzo ndiyo roho ya episodi. Hakuna mbio wala risasi. Watu wawili wanaopenda kazi ileile wamekutana usiku, kila mmoja anatazama mlango asije akakutwa. Angalieni uso wa Robertson hapo: hana woga hata kidogo, ana furaha ya mtu aliyeishi miaka yote bila wa kuongea naye.

Sasa Carol anakuja kumkumbusha kwamba kuna hafla mjini, hafla ya kumpongeza yeye Allan, na asipotokea itakuwa aibu. Anabanwa, anakubali. Anaiacha mitambo ikiwa imewashwa, na kumwambia mtangazaji mwingine wa zamu, kijana Eddie, asiguse nguvu ya mtambo. Yeye na Carol wanaondoka.

Eddie anaigusa. Anataka sauti yake ifike mbali usiku ule, anapandisha hadi mwisho. Kilichokuwa picha kwenye skrini kinavutwa kupitia mawimbi na kutokea chumbani, kizima, kinang'aa, kikitoa mionzi. Eddie anakufa. Kiumbe anatoka nje na kuelekea mjini kumtafuta mtu pekee anayemfahamu, na kila anapopita vitu vinaungua na kupasuka.

Baadaye Allan, Carol na kiumbe wanarudi stesheni, polisi na wanajeshi wamezingira. Risasi inapigwa, inampata Carol. Kiumbe anaitumia mionzi ileile iliyoua kuliziba jeraha lake. Kisha anatoka mbele ya bunduki zote, anauangusha mnara wa redio ili waone anachoweza, anawaambia waende nyumbani wakatafakari, na kwamba yeye anaondoka kwa amani. Nao wanaondoka.

Lakini kwao harudi. Amevunja sheria, ameua bila kukusudia, hakuna anakopokelewa. Anaingia ndani na kuipunguza nguvu ya mtambo kwa mkono wake mwenyewe, kidogokidogo, mpaka anatoweka.

Hoja yangu wakuu, na ndiyo sababu ya uzi huu: angalieni nani amelipa. Allan ana mke, ana ndugu, ana nyumba, na sasa ana ushahidi kwamba hakuwa mwendawazimu. Mgeni amepoteza kila kitu. Siri waliitunza wawili, bili imelipwa na mmoja.

MtuWaHesabu

Mkuu uzi mzuri, ila niulize. Andromeda iko umbali wa miaka nuru milioni 2.5 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga, na mawimbi ya redio, husafiri kwa mwaka mmoja). Swali la Allan lingefika huko baada ya miaka milioni 2.5, na jibu lingechukua mingine kama hiyo kurudi. Hao wanaongeaje kama wapo kwenye simu? Mimi hapo nilishindwa kuendelea.

MzeeWaMasafa

Hoja yako ni sahihi kabisa, na sitaitetea hadithi kwenye hilo. Waandishi walitaka jina kubwa la mbali, wakachukua Andromeda.

Kinachonisikitisha ni kwamba mfano mzuri walikuwa nao mlangoni. Mwaka 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walichapisha makala kwenye jarida la Nature, wakisema kama kuna watu huko nje, tuwasikilize kwenye mawimbi ya sentimita 21, yale yanayotolewa na haidrojeni. Aprili 1960 mwanaastronomia Frank Drake akageuza ungo wa redio wa mita 26 pale Green Bank, West Virginia, akasikiliza nyota mbili: Tau Ceti na Epsilon Eridani. Zote ziko miaka nuru kama 10 hadi 12. Hakupata kitu. Episodi yetu ilirushwa miaka mitatu tu baadaye, kwa hiyo jambo hili lilikuwa linazungumzwa.

Chukua Tau Ceti. Ukiuliza leo, jibu linarudi baada ya miaka 24 hivi. Mtu anayeuliza akiwa na miaka 30 anajibiwa akiwa na 54. Mimi ningependa sana kuiona hadithi hiyo: fundi anayetunza siri miaka 24 akisubiri jibu la swali moja. Lakini kwa dakika 50 za televisheni walihitaji wawili hao waongee.

FundiMnara

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni mitambo ya redio, kwa hiyo episodi hii nimeitazama kwa jicho la kazini, na namlaumu Allan kuliko mleta uzi.

Kwanza hilo la nguvu. Watu wanadhani ukipandisha nguvu maradufu unafika mbali maradufu. Sivyo. Hata angani pasipo na kizuizi, ili kufika umbali mara mbili kwa ukali uleule wa mawimbi unahitaji nguvu mara nne. Lakini masafa ya kati (AM) yana tabia yake usiku: tabaka la juu la anga linayarudisha chini, na stesheni ndogo inaweza kusikika mbali sana. Ndiyo maana huko Marekani stesheni nyingi za masafa ya kati zinatakiwa kisheria kupunguza nguvu jua likizama, zisiingiliane. Kwa hiyo Eddie kupandisha nguvu usiku ni kosa hata kama hakuna kiumbe yeyote. Aliyetunga hadithi hii alikuwa anaijua redio.

Pili, na hili ndilo kubwa. Allan amebadilisha mtambo unaofanya kazi. Ameunganisha vifaa vyake kwenye njia ya umeme ya kituo. Halafu anamwachia zamu kijana asiyejua, kwa neno moja: usiguse. Sisi ukifanya matengenezo kwenye mtambo unaandika kwenye daftari la zamu, unafunga kibao kwenye swichi, unamweleza anayekupokea nini kimebadilika na kitatokea nini akigusa. Kwa nini? Kwa sababu "usiguse" isiyo na sababu haidumu usiku mmoja. Kijana ana wasikilizaji, ana hamu ya kusikika, na hajui kwamba upande wa pili wa ile swichi kuna uhai wa mtu.

Allan hakuweza kumweleza kwa sababu angetoa siri. Kwa hiyo kilichomuua Eddie ni siri.

KijanaWaTegeta

Aisee. Mkuu FundiMnara hapo umenibadilisha kabisa. Mimi nilikuwa nimemweka Eddie kwenye kundi la wajinga wa sinema.

BintiKilwa

Watu wanamsahau Eddie. Hata ndani ya episodi yenyewe akishakufa hakuna anayemlilia. Mgeni anapewa machozi, Eddie anafunikwa tu.

Na Carol pia mmemwonea. Anaonekana kama mke msumbufu anayemtoa mume kwenye kazi kubwa. Lakini yeye anaona nini? Mume hali, halali nyumbani, biashara inakufa, na hajaambiwa kwa nini. Angeambiwa siku ya kwanza, nina hakika angekaa naye kwenye skrini ile. Jacqueline Scott aliigiza hilo vizuri; anapomwona kiumbe kwa macho yake, hasira yote inamtoka.

Kuhusu yale maneno ya kiumbe juu ya Mungu na ukomo, mimi kama Muislamu sikuyapokea. Kiumbe anasema kisicho na kikomo na Mungu ni kitu kimoja. Kwetu Muumba si sawa na alichokiumba, hata kiwe kikubwa namna gani. Lakini nilipenda kwamba waliuliza. Mtu anakutana na mgeni wa mbali vile, na miongoni mwa maswali yake ya kwanza ni kifo na Mungu. Hapo aliyeandika alimjua binadamu.

MzeeWaMasafa

Dada BintiKilwa na FundiMnara, mmeisogeza hoja mahali ambapo nilitaka ifike, tena kwa njia bora kuliko niliyokuwa nayo. Niongeze mambo mawili ya kweli, ya nje ya televisheni, yanayofanana na hili.

La kwanza ni la mikwaruzo. Miaka ya mwanzo ya 1930 kampuni ya simu ya Bell ilimpa kijana Karl Jansky kazi ya kutafuta kelele zinazoharibu simu za redio za kuvuka bahari. Alijenga antena kubwa huko Holmdel, New Jersey, akaiweka juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford Model T ili aizungushe. Alipata kelele za radi za karibu, kelele za radi za mbali, na mkoromo wa tatu usiojulikana. Mwanzo alidhani ni jua. Lakini mkoromo ule ulikuwa unarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, si saa 24. Jua hurudi pale pale baada ya saa 24. Zinazorudi baada ya saa 23 na dakika 56 ni nyota. Tofauti ya dakika nne ndiyo iliyomwambia kwamba mkoromo unatoka mbali nje ya jua na sayari zake, na uelekeo wake ukamwonyesha katikati ya galaksi yetu. Alitangaza mwaka 1933. Mwaka 1937 Grote Reber, fundi wa redio, akajenga ungo wa mita 9 nyuma ya nyumba yao huko Wheaton, Illinois, kwa pesa yake, akaendeleza kazi peke yake miaka kadhaa. Mtu akimwona Allan Maxwell na kusema "hakuna fundi wa namna hiyo", mpeni habari za Reber.

La pili ni la siri. Mwaka 1967 huko Cambridge, mwanafunzi Jocelyn Bell aliona kwenye karatasi za darubini ya redio mpigo unaojirudia kila sekunde 1.33, sawasawa kama saa. Hakuna aliyejua kitu cha asili kinachofanya hivyo. Waliuita kwa utani jina la watu wadogo wa kijani, lakini nyuma ya utani walijadili kwa uzito: kama kweli ni watu, tunamwambia nani kwanza? Walikaa na jambo hilo ndani ya kikundi chao hadi Februari 1968 walipochapisha. Kilichowatuliza ni Bell mwenyewe kupata mpigo wa pili kutoka sehemu nyingine kabisa ya anga. Makundi mawili ya watu, mbali na mbali, kutumia masafa yaleyale kutuashiria sisi kwa wakati mmoja? Haingii akilini. Zikawa nyota za aina mpya, pulsa.

MtuWaHesabu

Hilo la Bell nilikuwa nalijua nusu. Na je, sasa hivi kuna utaratibu? Mtu akipata ishara leo anaruhusiwa kujibu kimyakimya kama Allan?

MzeeWaMasafa

Kuna tamko la mwaka 1989 la wanasayansi wanaotafuta ishara hizi. Linasema uhakikishe kwanza, kisha uutangazie ulimwengu, na usijibu mpaka pafanyike mashauriano ya kimataifa. Halina nguvu ya sheria. Mwenye mtambo na anayetaka kujibu hakuna wa kumzuia isipokuwa dhamiri yake.

Na mabishano yalianza kabla ya hapo. Tarehe 16 Novemba 1974 Drake na wenzake walituma ujumbe kutoka ungo wa Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota la M13, lililo umbali wa miaka nuru 25,000 hivi. Alama 1,679, dakika kama tatu tu. Martin Ryle, Mwanaastronomia wa Kifalme wa Uingereza, alipinga: mmepata wapi ruhusa ya kutangaza tulipo? Ndilo swali ambalo watu wa Andromeda kwenye episodi wangemuuliza mwenzao.

FundiMnara

Ryle namuunga mkono. Mnara ni wa wote. Masafa yanagawanywa kwa leseni kwa sababu kelele ya mmoja inamfikia kila mtu.

Mshumaa_Mbeya

Nimeusoma uzi wote, nimeenda kuitazama, nimerudi. Naomba nipingane kidogo na FundiMnara.

Tuseme Allan angefuata utaratibu: angeandika kwenye daftari, angemweleza Eddie, angemweleza Carol, angeomba kibali. Mwaka ule ni 1963. Mgogoro wa makombora ya Cuba haujatimiza hata mwaka. Mnadhani wangemruhusu aendelee kuongea? Wangekuja watu wenye suti, mtambo ungechukuliwa, na mgeni upande wa pili angekuta skrini tupu. Siri ndiyo iliyoua, sawa. Lakini ni siri hiyohiyo iliyowapa zile dakika chache za mazungumzo. Bila kuiba, hakuna uso kwenye skrini.

Pia niwasifu kwa jinsi walivyomtengeneza yule kiumbe. Nimesoma kwamba ni mtu kavaa nguo ya mpira ya wazamiaji, halafu picha yake ikageuzwa negativu, ndiyo maana mwili mweusi unang'aa mweupe na anaonekana kama hayupo mahali alipo. Ndani ya nguo yumo William O. Douglas Mdogo, mtoto wa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hana uso wa kuigizia, hana sauti yake, amebaki na mikono na mwendo tu. Na bado anaposimama mbele ya Carol aliyelala chini nilimwonea huruma.

FundiMnara

Mshumaa, hoja yako naipokea upande wa serikali. Siipokei upande wa Eddie. Kumficha mwenye bunduki ni jambo moja. Kumficha mtu uliyemkabidhi swichi ni jambo lingine. Allan angeweza kumwambia Eddie peke yake, usiku ule, mlangoni, kabla ya kwenda kwenye hafla: kuna mtu kwenye waya, ukipandisha nguvu atakufa yeye au utakufa wewe. Ingemchukua dakika moja.

BintiKilwa

Na Carol alikuwa pale mlangoni, angesikia.

MzeeWaMasafa

Hapo FundiMnara naona umeipata sawasawa. Nilikuwa namtazama mgeni tu kama ndiye aliyelipa. Ukimweka na Eddie pembeni yake, hesabu inakuwa wazi zaidi: walioumia ni wawili ambao hawakuwa na sauti katika uamuzi wa kwenda kwenye hafla. Na Mshumaa naye yuko sahihi kwamba ruhusa isingepatikana. Haya mawili yote yamo kwenye episodi, na Stevens hakujaribu kuyapatanisha.

Kwa wanaotaka kuendelea, kuna nyingine mbili za msimu huohuo wa kwanza. "The Architects of Fear", ya tarehe 30 Septemba 1963: wanasayansi wanamgeuza mwenzao, anayeigizwa na Robert Culp, kuwa kiumbe bandia ili mataifa yaogope adui mmoja na kuacha vita. Mke wake anadanganywa kwamba amekufa. Na "The Bellero Shield", ya tarehe 10 Februari 1964, yenye Martin Landau na Sally Kellerman: mgeni anashuka kwenye mwale wa leza hadi ndani ya nyumba ya mvumbuzi, na mke wa mvumbuzi anaona njia ya kupata cheo kwa ajili ya mume wake. Hiyo ya pili FundiMnara utaipenda, maana na yenyewe kila mtu ndani ya nyumba anajua nusu ya mambo.

KijanaWaTegeta

Naanza na ya Culp leo usiku. Mkuu, nikimaliza nifungue uzi wake au tuendelee humuhumu?

MzeeWaMasafa

Fungua wake, kijana. Nitakuja.